Fedha za Bima Zilivyoelekea Hospitali Binafsi

Mwaka 1977 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kusimamia hospitali binafsi, na kwa sheria hiyo mlango wa tiba ya faida ukafungwa. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu Azimio la Arusha. Viwanda, mabenki na mashamba makubwa vilikuwa vimeshaingia mikononi mwa umma, na Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona haifai ugonjwa wa mtu uwe mtaji wa mtu mwingine. Daktari hakuruhusiwa tena kuendesha hospitali yake kwa ajili ya faida. Walioruhusiwa kuendelea ni mashirika yaliyokubaliwa na Serikali, hasa ya dini, ambayo tangu enzi za ukoloni yalikuwa yakitibu watu katika maeneo ambako hakukuwa na mtu mwingine wa kuwatibu.

Naanzia huko mbali kwa sababu swali linaloulizwa leo kuhusu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, haliwezi kujibiwa kwa kuangalia hesabu za mwaka jana. Swali lenyewe ni hili: kwa nini malipo ya Mfuko kwa hospitali binafsi yamekuwa yakipanda hadi kuutikisa Mfuko wenyewe? Jibu la haraka ni tamaa ya wenye hospitali, na la pili ni udanganyifu. Yote mawili yapo. Lakini yanaacha nje jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba nchi ilijenga aina mbili za hospitali, moja isiyojua kuandika ankara na nyingine inayoishi kwa ankara, kisha ikaunda mfuko mmoja unaozilipa zote mbili kwa kila ankara iliyoandikwa.

Hospitali ya Serikali ya miaka ya sabini haikuishi kwa malipo ya mgonjwa. Mishahara ya waganga na wauguzi ilitoka Hazina. Dawa zilitoka bohari kuu, chakula cha wodini kilikuwa kwenye bajeti. Mgonjwa aliandikwa jina kwenye daftari, akapimwa, akapewa dawa, akaenda zake. Mganga mfawidhi alijua ana vitanda vingapi na chupa ngapi za maji ya dripu, ila hakuwa na haja ya kujua kumtibu mgonjwa mmoja wa nimonia kunagharimu shilingi ngapi. Aliyetibu wagonjwa mia na aliyetibu hamsini walipata fungu lile lile, au tuseme lile lile lililopungua. Mfumo huo ulifikisha zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi ambayo nchi nyingi maskini hazikuifikia, na anayeudharau leo hajui watu walitoka wapi.

Ulianguka kwa kukosa fedha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kukauka kwa fedha za kigeni: mwanzoni mwa miaka ya themanini kabati za dawa zilikuwa tupu. Kuanzia 1983 wafadhili wakaanza kuleta dawa muhimu zikiwa zimefungwa kwenye masanduku, sanduku moja kwa zahanati, sanduku jingine kubwa zaidi kwa kituo cha afya, yenye vitu vile vile iwe unakaa kwenye malaria nyingi au chache. Mwalimu akang'atuka 1985. Mwaka uliofuata Serikali ya Mzee Mwinyi ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mambo yakaanza kubadilika moja baada ya jingine.

La afya lilifika 1991. Sheria ya 1977 ikarekebishwa na tiba ya faida ikaruhusiwa tena. Ndani ya miaka michache zahanati na hospitali za watu binafsi zilichipuka Dar es Salaam, kisha Arusha, Mwanza na Moshi, mahali palipo na watu wenye fedha mfukoni. Julai 1993 Serikali nayo ikaanza kuwatoza wagonjwa kwenye hospitali zake, ikianzia na hospitali za rufaa na kushuka ngazi kwa ngazi, kwa jina la uchangiaji wa gharama. Lakini walisamehewa watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza na wagonjwa wa maradhi kadhaa sugu. Msamaha huo ulikuwa wa haki kabisa. Ila matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa hospitali ya umma iliendelea kupita bila kuandikiwa gharama yoyote, wakati jirani yake wa binafsi, tangu siku alipofungua mlango, hakuwahi kumtibu mtu bila kujua kila pamba na kila bomba la sindano limekwenda kwa nani na kwa bei gani. Asingefanya hivyo asingelipa kodi ya pango mwezi unaofuata.

Hapo ndipo bima ilipoingia. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni ya 1999, wakati wa Rais Mkapa, na Mfuko ulianza kazi Julai 2001. Ulianza na watumishi wa Serikali kuu: mwalimu, karani, muuguzi, bwana shamba. Kila mmoja alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Kadi zilimhusu mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne.

Mwanzoni watumishi hawakuupenda. Walikatwa fedha kila mwezi, na walipokwenda hospitali ya wilaya na kadi waliambiwa kile kile alichoambiwa asiye na kadi: dawa hakuna, kanunue nje. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo Mfuko ulikusanya zaidi ya ulivyolipa, akiba ikarundikana, na malalamiko yakarundikana pamoja nayo. Napenda msomaji alishike hili, maana watu husimulia habari za NHIF kana kwamba ilizaliwa na upungufu. Ilizaliwa na ziada, na ziada ile ilitokana na watu kukosa huduma waliyoilipia.

Njia ya kuwaridhisha ilikuwa kuongeza vituo. Mfuko ukasajili hospitali za mashirika ya dini, kisha maduka ya dawa, kisha hospitali binafsi kwa wingi. Mwalimu wa Dar es Salaam aliyekuwa akipanga foleni tangu alfajiri sasa aliweza kuingia kwenye jengo lenye viti vya kukalia, akaonwa na daktari bingwa siku hiyo hiyo, akatoka na mfuko wa dawa. Hakutoa hata senti mlangoni. Nani angemlaumu kwa kurudi tena?

Sasa tuitazame karatasi yenyewe, kwa sababu kila kitu kimepita humo. Fomu ya madai ya NHIF, ile iliyojulikana kwa namba 2A na B, ina nafasi ya jina la kituo, namba ya kadi, umri na jinsia ya mgonjwa, ugonjwa uliotambuliwa. Chini yake kuna safu za huduma: ada ya kumwona daktari, vipimo, dawa, upasuaji, kulazwa, kila kimoja na kiasi na bei yake. Daktari anaandika jina na sifa zake na kusaini, na mgonjwa naye anasaini kwamba amepata huduma zilizotajwa. Baadaye mifumo ya kielektroniki na alama za vidole vilikuja kuchukua nafasi ya sehemu ya karatasi hizo, lakini mantiki haikubadilika. Mfuko unalipa kilichoandikwa. Kisichoandikwa hakilipwi. Kikiandikwa vibaya, kinakatwa.

Tuwaze mtu mzima mwenye homa ya siku mbili. Kwenye zahanati ya Serikali anapimwa malaria kwa kidole, hana malaria, anapewa panadol na kuambiwa arudi hali isipobadilika. Dai lake, kama litaandikwa, ni ada ndogo, kipimo kimoja na vidonge vichache. Mtu huyo huyo, siku hiyo hiyo, kwenye hospitali binafsi ya mjini, anaweza kuandikishwa kumwona bingwa, akapimwa malaria, damu kamili, mkojo na choo, akapigwa ultrasound ya tumbo kwa sababu amesema tumbo linamuuma kidogo, akachomwa sindano na kuondoka na antibayotiki ya siku saba. Hakuna hata mstari mmoja wa uongo kwenye fomu hiyo. Kila huduma imetolewa, mgonjwa amesaini kwa furaha na anawasifia kwa jirani zake kwamba wale wanapima kweli kweli. Dai moja linaweza kuzidi lile la zahanati mara nyingi, na homa ni ile ile.

Naisisitiza kwa kuwa mjadala wetu wa hadharani hupenda kutafuta mwizi. Wapo, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, pamoja na Mfuko wenyewe wamewataja kwa miaka: kadi kutumiwa na mtu asiye mwenyewe, fomu kuandikwa kwa mgonjwa ambaye hakufika, dawa za bei ya juu kuandikwa na za bei ya chini kutolewa. Wanastahili mahakama. Lakini hata wezi wote wakikamatwa kesho, yule mgonjwa wa homa bado atapimwa vipimo vitano, kwa sababu mfumo wa malipo kwa kila huduma unamlipa anayefanya zaidi na haumlipi chochote anayefikiri zaidi. Daktari anayekaa na mgonjwa nusu saa, akamsikiliza, akaamua hahitaji kipimo, ameiingizia hospitali yake ada ya kuonana tu. Mwajiri wake anaiona tofauti hiyo mwisho wa mwezi.

Upande wa pili wa barabara hospitali ya umma ilikuwa ikipoteza fedha zile zile bila kujua. Dawa ikikosekana bohari, hakuna cha kuandika kwenye fomu, na mgonjwa anaipeleka kadi yake kwingine. Muuguzi mmoja wodini mwenye wagonjwa arobaini hana muda wa kujaza safu. Daktari anasahau kusaini, dai linarudi. Mshahara wake hautegemei fomu, wala wa mfawidhi wake. Baadhi ya hospitali kubwa za Serikali zilikuja kuamka, zikaweka madirisha ya bima, wahasibu wa madai na hata kliniki za kulipia zenye huduma ya haraka, na leo fedha za bima ni uti wa mgongo wa mapato yao ya ndani. Zilichelewa, na wakati huo mgonjwa wa mjini alikuwa ameshazoea njia nyingine.

Wakati malipo yakikua kwa namna hiyo, watu waliomo ndani ya Mfuko nao walikuwa wanabadilika. Mtumishi aliyekuwa na miaka arobaini na tano mwaka 2001 alistaafu kabla ya 2020. Mstaafu aliyekuwa mchangiaji anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kukatwa chochote, na ni haki yake baada ya kuchangia miaka yote hiyo, lakini ni umri huo ndio wa kisukari, shinikizo la damu, moyo na figo. Mgonjwa ambaye figo zimeshindwa husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Hizo ni safari zaidi ya 150 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na mashine za kusafisha damu zilipoenea kwenye hospitali binafsi, wagonjwa ambao zamani wangekufa kimya kimya nyumbani waliishi. Kuishi kwao kuna gharama. Sioni aibu kusema kwamba sehemu ya kupanda kwa malipo ni ushindi, na anayeyaita yote upotevu aziulize familia hizo.

Kisha wakaja wanaojiunga kwa hiari. Toto Afya Kadi ilimpa mtoto bima ya mwaka mzima kwa shilingi 50,400. Novemba 2019 vikaja vifurushi vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya kwa watu wasio kwenye ajira rasmi, kuanzia shilingi 192,000 kwa mwaka. Nia ilikuwa njema mno. Lakini bima ya hiari ina tabia moja inayojulikana duniani kote: wa kwanza kupanga foleni ni anayejua kwamba ataihitaji. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu aliikimbilia kadi kwa mikono miwili. Mzazi wa mtoto mzima aliahirisha hadi mwakani. Mwaka 2023 Mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule, Wizara ikieleza kwamba wengi wa waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa na gharama zao zilipita mbali michango. Kelele zilizofuata mitandaoni na bungeni zilikuwa za haki. Hesabu za Mfuko nazo zilikuwa za kweli.

Na chanzo cha mapato? Michango ya watumishi ni asilimia ya mshahara, kwa hiyo Mfuko hukua kadiri mishahara inavyokua. Tangu mwishoni mwa 2015 watumishi wa umma walikaa miaka zaidi ya sita bila nyongeza ya jumla, hadi Mei 2022 Rais Samia alipotangaza kima cha chini kupanda kwa asilimia 23.3. Katika miaka hiyo vitendanishi vya maabara, dawa, filamu na mashine ziliendelea kununuliwa nje kwa dola. Upande mmoja wa daftari ulikuwa umegandishwa na Serikali, upande mwingine hakuna aliyeweza kuugandisha. Juu ya hayo, Serikali yenyewe ilikuwa imekopa kwenye akiba ya Mfuko kwa miradi ya majengo, na CAG akawa anakumbusha deni hilo ripoti baada ya ripoti. Katika hesabu za mwaka wa fedha 2021/22, CAG Charles Kichere alionyesha Mfuko umepata hasara ya mabilioni ya shilingi.

Ziada ya mwanzo ilikuwa imeisha, na Mfuko ukashika kile ulichoweza kukishika, yaani bei. Kitita cha mafao kilichokuwa kikitumika, yaani orodha ya huduma na bei zake, kilikuwa cha 2016. Mwishoni mwa 2023 Mfuko ukatangaza kitita kipya, ukisema baadhi ya bei za dawa na huduma ulizokuwa ukilipa zilikuwa juu ya soko na nyingine chini. Hospitali binafsi zikalalamika hazikushirikishwa inavyopaswa na kwamba bei mpya hazifiki hata gharama zao. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akasimamisha utekelezaji, ikaundwa kamati, maoni yakakusanywa, na tarehe mpya ikawekwa: 1 Machi 2024.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Chini ya chama chao, APHFTA, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilitangaza kwamba hazitawahudumia wanachama wa NHIF kwa bei hizo. Watu waliofika na kadi walielekezwa walipe taslimu au waende kwingine. Mfuko ukawatangazia wanachama wake waende hospitali za Serikali na za mashirika ya dini zilizoendelea kupokea kadi. Siku chache baadaye huduma zilianza kurejea huku mazungumzo yakiendelea, lakini siku zile zilionyesha hadharani kitu ambacho takwimu hazikuwahi kukionyesha vizuri: namna watumishi wa umma wa mjini walivyokuwa wamehamia kwenye hospitali za binafsi, na namna hospitali hizo zilivyokuwa zimejengwa juu ya kadi zao. Hospitali ya binafsi iliyofungua wodi mpya, ikakopa benki kununua mashine ya CT na kuajiri wauguzi wapya, ilifanya hesabu zake kwa bei za kitita cha 2016 na wingi wa wanachama wa NHIF. Mfuko ukipunguza bei, mkopo wa benki haupungui.

Na bei ni nusu tu ya hesabu. Malipo ni bei mara idadi. Ukishusha bei ya kipimo na ukaacha malipo kwa kila huduma, hospitali yenye mkopo ina sababu moja zaidi ya kuongeza idadi ya vipimo. Nchi zilizopita njia hii kabla yetu zililazimika hatimaye kubadili namna ya kulipa: kiasi maalumu kwa kila mwanachama aliyeandikishwa kituoni, au kiasi kimoja kwa ugonjwa mzima tangu kulazwa hadi kuruhusiwa. Njia hizo zina hatari zake. Anayelipwa kiasi maalumu anaweza kumnyima mgonjwa kipimo anachostahili, na asiye na jicho la kumsimamia atafanya hivyo.

Hapa nchini tuna mfano wa upande wa pili, nao hauzungumzwi inavyostahili. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioanzia majaribio Igunga katikati ya miaka ya tisini na kuboreshwa 2018, ulikuwa ukiandikisha kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Kadi yake ilianzia kwenye zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa, na ilijengwa juu ya vituo vya umma. Malipo ya kaya nzima hayakufika ya mtoto mmoja wa Toto Afya Kadi. Lakini mkulima mwenye kadi hiyo alipofika zahanati dawa ikakosekana, hakuwa na jengo jingine la kukimbilia.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayokusudia kumfikisha mkulima huyo na yule mwalimu wa Dar es Salaam kwenye utaratibu mmoja. Kabla michango ya mamilioni ya watu haijaingia kwenye njia ile ile, nataka Mfuko uchapishe kila mwaka, kituo kwa kituo, cha umma na cha binafsi, mambo machache ambayo mengi yake tayari yamo kwenye kompyuta zake: wastani wa dai kwa mgonjwa wa nje, vipimo vingapi kwa kila homa, wangapi kati ya waliojifungua walifanyiwa upasuaji, na dawa gani zilikosekana kwa siku ngapi. Fomu hizo zimejazwa tangu 2001 kwa fedha za wachangiaji. Wachangiaji wana haki ya kuzisoma.